Meza Haiulizwi

Ipo nchi moja, na ningewatajia jina lake, ila Kamati ya Kupitisha Jina la Nchi bado haijamaliza kikao chake cha kwanza. Wajumbe walitoka kwenda kula chakula cha mchana tangu enzi za babu zetu, na mtu mstaarabu hamharakishi mwenzake akiwa anakula. Ni nchi nzuri. Mvua hunyesha kwa kibali, na kibali hutoka kiangazi. Barabara hufunguliwa kwa ngoma na vigelegele, kisha hufungwa ili zisichakae. Wananchi wake wana furaha tele. Hilo nina hakika nalo, kwa sababu lilitangazwa redioni.

Watu wa nchi hiyo walipenda mchezo mmoja, nao waliuita kukaa meza. Wanne au watano walizunguka meza yenye sahani ya karanga. Mmoja wao alikuwa msimulizi. Wengine kila mmoja alijichagulia mtu wa kuwa: huyu mganga, yule mwizi mwenye moyo mwema, mwingine binti wa mfalme aliyetoroka harusi. Msimulizi aliwaeleza wako wapi na wanaona nini, halafu akamgeukia mmoja na kumwuliza, "Unafanya nini?" Naye alisema anachofanya. Jambo likiwa jepesi, limekuwa. Likiwa zito, kama kuruka korongo au kumdanganya sultani, ilirushwa dadu, na dadu ndiyo iliyoamua. Kitabu cha kanuni kilikuwepo, kurasa chache zenye madoa ya chai, na aliyekisoma ni msimulizi peke yake, tena akipata nafasi. Mchezaji akikwama aligonga meza kwa vidole na kusema, "Nauliza meza," na wenziwe wakamwambia arushe dadu ipi na ajumlishe nini. Hakuna aliyeona haya. Mlevi, mtoto wa shule na hakimu wa wilaya, wote waligonga meza na wote walijibiwa.

Sasa katika mtaa wa Stesheni alikuwepo msimulizi mmoja, Bi. Mashavu. Mumewe, Lukindo, alipata kuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya manispaa, mpaka maradhi ya kusahau yakamwingia. Hayakumwingia kwa kishindo. Alianza kusahau funguo, akaja akasahau njia ya sokoni, akawasahau wanawe wawili walio ng'ambo, na mwisho akamsahau mkewe. Hakuwa mkali. Alikuwa mpole kupita kiasi, na upole huo ulimchoma Bi. Mashavu kuliko matusi.

"Ahsante kwa chai, mama," angesema kila asubuhi. "Chai yako nzuri. Ila nisikae sana, mke wangu ananingoja."

"Atangoja," Bi. Mashavu angemjibu. "Kunywa kwanza."

"Ni mwanamke mwema yule. Jina lake nalijua sana, leo tu limenitoka."

"Litarudi, bwana."

Halafu angekwenda jikoni akasimama mbele ya jiko lililozimika, mpaka macho yakauke.

Lakini Jumamosi alasiri ilikuwa siku nyingine. Jumamosi alikuja Mkadamu kinyozi, aliyekuwa mwizi mwenye moyo mwema, akaja na Mwalimu Eshe, mwanamke aliyekwisha kustaafu na kupata vitukuu, ambaye mezani alikuwa binti wa mfalme na alitaka aheshimiwe hivyo. Na Lukindo alikuwa Jemadari Kipara, shujaa wa majimbo saba, ambaye kofia yake ya chuma ilimteleza kila alipotaka kusema jambo la maana. Kanuni hakujua hata moja. Hakuzijua hata alipokuwa mzima. Alisema tu anachotaka kufanya, na meza ikamfanyia hesabu.

Siku moja, wakati maradhi yameshakolea, Bi. Mashavu alisimulia hivi: "Jemadari, umefika njia panda. Kuna kibanda cha chai. Mwanamke anaitwa Kidawa ametoka nje kumwaga maji. Unafanya nini?"

Lukindo aliinua macho. Akamtazama mkewe kwa muda.

"Huyu si Kidawa," akasema. "Huyu ni Mashavu. Mimi namjua huyu."

Mkadamu alianza kuyachunguza mabati ya darini. Mwalimu Eshe alipenga kamasi kwenye leso.

"Mashavu," akaendelea Jemadari, akiiweka vizuri kofia asiyokuwa nayo, "mimi nakwenda mlimani kupigana na zimwi. Nikirudi nataka nikuoe. Utanikubali?"

"Nitakukubali," alisema yule mwanamke wa kibanda cha chai.

"Basi nauliza meza," akagonga. "Nirushe dadu ipi ili nirudi salama?"

"Ile kubwa, Jemadari," akasema Mkadamu. "Na uirushe kwa mkono wa kulia."

Akairusha. Ikabiringika, ikaanguka chini ya kabati, na hakuna aliyeinama kuitafuta.

"Umerudi salama!" wakasema wote watatu.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila Jumamosi Jemadari alifika njia panda, akamtambua, akamtaja jina na kumposa. Hakuna mke katika nchi ile aliyeposwa mara nyingi kama Bi. Mashavu, tena na mume mmoja. Siku nyingine zote za wiki alikuwa "mama" wa watu asiyejulikana. Kwa saa moja ya Jumamosi alikuwa Mashavu, na saa hiyo ndiyo iliyomtoa kitandani Jumapili.

Msomaji ataniuliza, sasa Serikali inaingiaje hapa? Serikali yetu sikivu haina mahali isipoingia.

Palikuwa na Waziri wa Michezo ya Kuketi, Mheshimiwa Gombesugu, mtu mwenye upeo mpana na kiti kipana vilevile. Alialikwa shuleni kufungua meza mpya, na baada ya kukata utepe akaombwa acheze kidogo. Alichagua kuwa mfalme, kwa kuwa hakutaka kushushwa cheo. Msimulizi, binti wa kidato cha pili, akamwambia mbele yake kuna mto.

"Nauvuka kwa miguu," akasema Mheshimiwa.

Dadu ikaanguka vibaya.

"Umezama, Mheshimiwa," akasema binti.

Katibu wa Waziri aliuamuru mto ukauke. Binti akasema kwa adabu kwamba mto ule haukauki kwa amri. Waziri akauliza ni kanuni gani hiyo inayosema mtu kama yeye anaweza kuzama. "Ipo, Mheshimiwa," akajibu binti. "Ila hukuisoma." Kuna mtu nyuma aliyecheka. Kilikuwa kicheko kifupi, lakini kilifika makao makuu kabla ya gari la Waziri.

Kesho yake Mheshimiwa aliongea na taifa.

"Ndugu wananchi! Uchunguzi wa kina umebaini kwamba wachezaji tisa kati ya kumi huketi mezani bila kujua kanuni, na yule wa kumi huwadanganya wenzake kwamba anazijua. Je, tutafika? Mtu anasema, 'Naruka korongo,' hajui korongo linarukwa kwa mujibu wa kifungu gani! Wengine wanagonga meza, wanauliza! Hii si furaha, ndugu zangu. Hii ni furaha holela! Na Serikali haiwezi kukaa ikatazama wananchi wakifurahi kiholela!"

Bunge lilipitisha sheria alasiri hiyohiyo, na wabunge wawili waliamshwa ili waunge mkono. Kuanzia siku hiyo kila mchezaji alitakiwa azijue kanuni zote kwa kichwa na awe na cheti. Kugonga meza kulipigwa marufuku. Asiye na cheti hakuruhusiwa kucheza, na yule mtu aliyekuwa akimcheza angehesabika amekufa, na hati ya kifo ingeletwa nyumbani na afisa. Waziri mwenyewe alisamehewa, kwa hoja kwamba anayezijua sana kanuni hukosa nafasi ya kuzitunga.

Na kwa kuwa sasa taifa zima lingezisoma, ilionekana ni aibu zikiwa chache. Iliundwa Tume. Zile kurasa chache zenye madoa ya chai zikawa juzuu tisa. Kamati Ndogo ya Punda peke yake ilileta juzuu nzima inayoeleza punda wa kwenye hadithi anyweshwe maji wakati gani, kamba aishike nani, na haki zake siku za sikukuu. Ni juzuu nzuri sana, yenye picha. Punda wa kweli wa nchi ile wangejua kusoma, wangelia kwa wivu.

Sheria ilifika mtaa wa Stesheni Jumamosi moja, juzuu zilipokwisha kuchapwa, imevaa kofia. Aliyeivaa kofia hiyo ni Afisa Kanuni wa Kata, kijana mmoja aliyeitwa Tuzo.

"Hodi hapa! Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa. Karanga hizo."

"Nashukuru, mama. Nikiwa kazini karanga ni rushwa." Akachota kiasi. "Hizi ni za ushahidi." Akamgeukia Lukindo. "Wewe mzee, ni nani hapa mezani?"

"Jemadari Kipara," akasema Lukindo, na mgongo ukanyooka.

"Una nguvu ngapi?"

"Za kutosha."

"Za kutosha si namba, mzee wangu. Ukimpiga zimwi kwa rungu, unarusha dadu ngapi, na unajumlisha nini?"

Lukindo alitabasamu. Hilo hata halikuwa swali gumu. Akagonga meza. "Nauliza meza."

Mkadamu alishafungua kinywa. Tuzo akanyoosha mkono kumzuia.

"Meza haiulizwi!" akasema. "Meza ni samani."

Lukindo aliitazama meza, akamtazama kijana, akaitazama meza tena. Akagonga mara ya pili, polepole, akidhani labda haikusikia. Hakuna aliyemjibu. Mkadamu aliyakaza meno mpaka taya likaonekana. Mzee akauweka mkono wake mapajani.

Bi. Mashavu alimvuta Tuzo hadi mlangoni. "Mwanangu, huyu ni mgonjwa. Kuvaa viatu tu mpaka avishwe. Hapa mezani anasema analotaka kufanya, sisi wengine tunamhesabia. Yeye kanuni za nini?"

Tuzo akavua kofia, na bila kofia alionekana mdogo kweli. "Mama, mimi nakuelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa mganga. Nilikuwa na kibuyu kinachosema. Nikafeli juzuu ya nne, na mganga wangu akahesabika amekufa. Hati yake niliipeleka mimi mwenyewe kwa msimulizi wetu, maana kata ndiyo hii."

"Na kazi hii je, walikupaje?"

"Kukagua hakuhitaji cheti, mama. Kucheza ndiko kunakohitaji." Akaivaa kofia. "Jemadari asipofaulu mtihani wa vuli, nitalazimika kumwandika amekufa. Nitaandika maradhi ya kawaida. Wengine huwa naandika wameliwa na mamba, ila wewe umenikaribisha vizuri."

Bi. Mashavu hakuwa mtu wa kukata tamaa haraka. Alivaa buibui lake la safari, akaenda Wizarani, akapanga foleni, akafika dirishani. Karani wa dirisha alikuwa mwanamke mcheshi, mwenye kucha zilizopakwa rangi za bendera.

"Msamaha kwa wagonjwa?" akasema karani. "Upo, mama! Nchi yetu ina huruma, tena huruma yenyewe ipo Juzuu ya Saba. Mwenye maradhi ya kusahau amesamehewa kanuni zote."

"Mungu akubariki, mwanangu."

"Anachotakiwa ni kufika hapa mwenyewe, aombe msamaha huo kwa kukitaja kifungu chake kwa kichwa. Neno kwa neno, na nukta zake."

"Akiweza kukitaja, si atakuwa hana maradhi ya kusahau?"

"Ndiyo maana hatujapata mgonjwa hata mmoja tangu sheria ianze," alisema karani kwa fahari. "Afya ya taifa hili, mama yangu, ni ya kujivunia."

Jioni hiyo meza ilikutana bila kucheza. Mkadamu alitaka wafunge madirisha waendelee kwa siri. "Tucheze tu kwa kunong'ona," akasema. "Nani atatusikia?" Mwalimu Eshe akamkumbusha kwamba Jemadari alipokuwa akiita majeshi yake, alisikika mpaka stesheni, na treni moja iliwahi kusimama. Lukindo alikuwa pembeni, anamenya karanga na kuyarudisha maganda ndani ya sahani.

"Wataniletea hati ya Jemadari," alisema Bi. Mashavu. "Mimi nitaipokea kwa mikono gani? Huyo ndiye pekee anayenijua."

"Mashavu, dada yangu..." alianza Mkadamu.

"Nitamfundisha."

Mkadamu akatikisa kichwa. "Juzuu tisa? Kwa kichwa kile? Mwache mzee. Neno moja tu halimkai."

"Lisilo budi hutendwa," akasema Bi. Mashavu, na kikao kikaishia hapo.

Sasa lazima niwaeleze jinsi watu wa nchi ile wanavyosoma. Kule hakuna kinachofahamiwa; kila kitu huimbwa. Watoto huimba jedwali la kuzidisha, wauguzi huimba mifupa ya binadamu, na majaji huimba hukumu kabla ya kusikiliza kesi. Kikishaimbwa, kimeshajulikana. Bi. Mashavu alisomeshwa hivyo, na mama yake alisomeshwa hivyo, na hakujua njia nyingine ya kumwingizia mtu maarifa. Kwanza alijaribu kumsomea mumewe kifungu kwa kifungu, na Lukindo akasinzia. Akajaribu kumtilia kanuni kwenye mwendo wa bendi, ule wa kupokelea wageni wa heshima. Macho ya Lukindo yakafunguka. Vidole vyake vikaanza kucheza juu ya goti, vikibonyeza tarumbeta ambayo haikuwepo.

Maradhi yalikuwa yamemnyang'anya watoto na mke, lakini muziki hayakuugusa. Kufikia adhuhuri alikuwa anaimba Juzuu ya Kwanza yote, na pale palipokuwa na koma alipumua.

Bi. Mashavu alilia kwa furaha. Aliona Jemadari ameokoka.

Wakaimba asubuhi, wakaimba mchana. Korongo linarukwaje, rungu linapigwaje, mfalme anadanganywa kwa dadu ngapi. Majirani walianza kuimba nao wakiwa wanafua. Lakini kichwa cha Lukindo kilikuwa kabati dogo lililokwisha kujaa, na kila nguo iliyosukumwa ndani ilidondosha nyingine kwa nyuma. Katikati ya Juzuu ya Tatu aliacha kushukuru kwa chai. Kwenye Juzuu ya Tano, asubuhi moja alikunywa akamaliza, wala hakusema kwamba mkewe anamngoja. Bi. Mashavu alisubiri aseme. Alichelewa kutoa kikombe makusudi. Mzee akafuta mdomo na kuanza kuimba masharti ya kukodi mtumbwi.

Akajiambia ametulia tu. Akajiambia ni vizuri, sasa hana wasiwasi wa kurudi nyumbani. Angeweza kuacha pale, na moyo wake ulimwambia aache. Lakini meza zote zilikuwa zimefungwa mpaka mtihani upite, hakuwa na njia ya kumwona Jemadari na kumjulia hali, na vuli ilikuwa inakaribia. Akafungua Juzuu ya Sita.

Mtihani ulifanyika Ukumbi wa Mshikamano. Watu walianguka kama maembe ya upepo. Hakimu wa wilaya, ambaye mezani alikuwa samaki anayeimba, alikwama kwenye kifungu cha magamba, na samaki wake akatangazwa marehemu papo hapo. Hakimu alitolewa akiwa ameshikwa mabega. Mama mmoja muuza vitumbua aliomba akubaliwe amuage jini wake, akaambiwa fomu za kuaga zimekwisha.

Akaitwa Lukindo. Bi. Mashavu alimwongoza hadi jukwaani, akamfunga kifungo cha kola, akamnong'oneza sauti ya kwanza ya mwendo. Basi.

Aliimba juzuu zote tisa. Aliimba nukta na mabano. Alipofika kwa punda aliongeza madoido ya tarumbeta kwa midomo, na watahiniwa waliofeli wakajikuta wanapiga miguu. Katikati ya Juzuu ya Nane mlango ulifunguliwa akaingia Mheshimiwa Gombesugu mwenyewe, aliyekuwa amepelekewa habari. Hakujua kilichokuwa kinaimbwa, kwa hiyo alipiga makofi mahali pasipostahili, na ukumbi mzima ukakubaliana kwamba ndipo panapostahili.

"Huyu hapa!" alinguruma Waziri, amemkumbatia Lukindo begani. "Kuna waliosema kanuni ni nyingi! Kuna waliosema, eti, 'Acheni watu waseme wanachotaka kufanya!' Mtazameni mzee huyu! Nimearifiwa kwamba hajui leo ni siku gani. Hajui nyumba yake iko wapi. Lakini haki za punda anazijua! Ndugu zangu, huyu ndiye mwananchi tuliyekuwa tunamtafuta!"

Walimpa cheti chenye fremu, na jina la Mchezaji wa Taifa. Bendi ya manispaa ilipiga. Bi. Mashavu alishika fremu kwa mikono miwili na kuhesabu siku za kufika Jumamosi.

Jumamosi ikafika. Alikaanga karanga mwenyewe. Alivaa gauni la kijani. Mkadamu na Mwalimu Eshe, waliofeli wote wawili, waliruhusiwa kukaa kando kama waombolezaji wa watu wao, kwa kuwa sheria ina utu. Tuzo alikuja kushuhudia, maana mchezo wa kwanza wa Mchezaji wa Taifa ulitakiwa uwe na afisa.

Bi. Mashavu alikohoa. "Jemadari," akaanza, "umetembea siku nyingi. Umefika njia panda. Kuna kibanda cha chai, moshi unatoka. Mwanamke ametoka nje kumwaga maji, amesimama, anakutazama. Unafanya nini?"

Lukindo alikaa wima. Uso wake ulikuwa safi kabisa.

"Mchezaji aulizwapo," akaimba, "atatenda tendo moja kwa zamu yake, kama ilivyoelezwa Juzuu ya Pili."

"Ndiyo, Jemadari. Tendo gani?"

"Tendo liwe miongoni mwa yaliyoainishwa."

"Yule mwanamke anakuambia karibu. Anasema, 'Jemadari, mbona umekawia?'"

"Mtu wa kando asiye na namba hana zamu ya kusema." Aliimba hilo kwa upole, bila ubaya wowote, kama mtu anayemsaidia mwenzake.

Bi. Mashavu alishika ukingo wa meza. Akaacha kusimulia. "Lukindo, bwana wangu. Mtazame. Anaitwa nani?"

Alimtazama. Alimtazama kwa bidii, kwa sababu alikuwa mtu mwema na alitaka kumsaidia huyu mama. Vidole vilibonyeza hewa, vikatafuta, vikasimama.

"Kanuni haikutaja jina," akasema.

Mkadamu alitoka nje. Mwalimu Eshe alijifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika. Tuzo, ambaye alipaswa kuandika kwamba majibu yote yalikuwa sahihi, na yalikuwa sahihi kweli, aliandika hivyo, kisha akavua kofia na kuiweka sakafuni.

"Mwanangu," Bi. Mashavu akamwambia, na sauti haikuwa na machozi bado, ilikuwa imekauka tu. "Ile hati yako unayo?"

"Hati gani, mama?"

"Ya kifo. Andika. Jemadari Kipara amekufa. Andika maradhi ya kawaida, andika ameliwa, lolote. Nataka nimlilie. Kwetu mtu akifa analiliwa."

Tuzo alizipapasa karatasi zake. Akazirudisha mkobani.

"Siwezi, mama," akasema. "Ana cheti. Mwenye cheti hafi."

Basi hakukuwa na msiba. Majirani walikuja kupongeza, wakala karanga zote, wakapiga picha na fremu. Bi. Mashavu aliwaandalia chai na kuwashukuru mmoja mmoja. Watu walisema ametulia sana kwa furaha.

Asubuhi yake alimpikia mumewe uji wa ulezi, akamfunga kitambaa shingoni, akaanza kumlisha. Baada ya vijiko vichache Lukindo aliinua kidole na kuanza kuimba. Ilikuwa juzuu ya punda. Bi. Mashavu aliuchukia wimbo ule kwa moyo wake wote. Alitaka kumziba mdomo, alitaka kuvunja ile fremu ukutani, alitaka kurudi nyuma mpaka siku ile ya kibanda cha chai na kukaa huko asitoke. Lakini sauti ya mumewe ilikuwa ileile, nzito, yenye pumzi ndefu ya mpiga tarumbeta, na uso wake ulikuwa unang'aa. Hakuna kingine kilichompa uso ule tena. Alipofika pale pa kuitikia, Bi. Mashavu aliweka kijiko chini na kuitikia.

Lukindo alifurahi mno hata akapiga makofi.

"Mama! Kumbe na wewe unazijua!"

"Nazijua."

"Zote?"

"Zote, bwana."

"Basi njoo Jumamosi ukae meza na sisi. Wanaozijua siku hizi ni wachache." Akasita, akaona haya kidogo, maana hakupenda kuvuruga nyumba za watu. "Ila mumeo hatachukia?"

Bi. Mashavu alimpangusa uji kidevuni.

"Hatachukia," akasema, akashika ubeti wa pili.